Majuto ya Babu Hayapatani

Mmepotea wapi nyinyi? Nimekaa hapa kama muuza mishumaa siku umeme umerudi, hakuna hata mmoja wa kubisha hodi. Mkishiba mnanisahau, mkikwama ndiyo mnakumbuka kwamba kuna bibi. Mimi mtu akinyamaza sana namshuku. Ama amepona, na aliyepona huja kushukuru, sijamwona. Ama kuna jambo amelifanya, analifunika kwanza, mpaka harufu imshinde ndipo alete. Hili la leo harufu yake imefika kabla ya barua. Lisomeni, kisha mnisikilize.

*

Bibi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba unihurumie kidogo kabla hujanigombeza, maana nimefika mahali simwamini mtu hata mmoja katika ukoo wetu, hata mzee wetu ambaye ameshapita miaka tisini na kila mtu anasema hawezi kudanganya kwa sababu hana tena anachokitafuta duniani.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike na sare za shule, na dada yangu mkubwa naye ni fundi, tunafanya kazi chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani yake iko mlangoni na yangu iko nyuma karibu na kabati la vitambaa, tumekaa hivyo tangu aliponifundisha kupiga mshono wa kwanza nikiwa bado msichana, na sasa mimi ni mama wa watoto, nimepata chumba changu mwenyewe mtaa wa pili, kina dirisha kubwa na meza ya kukatia ambayo fundi aliyehama ameiacha, mwenye nyumba amekubali kunishikia mpaka mwisho wa mwezi, akiona kimya anampa mtu wa vioo na fremu za picha. Moyo wangu unataka kwenda, Bibi, lakini kumwambia dada nimeshindwa, kila nikifungua mdomo ananiambia nimpe mkasi au nimwangalizie pasi, basi nampa mkasi, naangalia pasi, siku inakwisha. Tena watu wakiingia huuliza fundi yuko wapi na mimi nimesimama mbele yao na futi shingoni, na nguo niliyoimaliza dada huigeuza ndani nje mbele ya mteja ili akague mishono, mpaka leo anaigeuza, lakini hilo si muhimu.

Ndipo nikapata wazo la kwenda kwa babu yetu, baba yake mama, ambaye alikuwa kinyozi tangu ujana wake mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, na sasa anakaa kwa mama mdogo katika chumba cha mbele. Watu wengi humwendea, hata wasio ndugu, kwa sababu imeenea habari kwamba ukimuuliza anajutia nini katika maisha yake atakutajia jambo moja tu, na ukilishika hilo hutakuja kujuta. Kuna dereva alimrudia mke wake kwa neno la babu, kuna mwalimu alikwenda kupatana na mwanawe. Mimi kusema kweli nilikuwa sijaenda siku nyingi, unajua kazi na watoto, lakini siku hiyo niliifunika cherehani yangu mapema nikanunua matunda nikaenda.

Babu akasema, “Kaa hapa penye mwanga nikuone.” Nikakaa. Akanishika kidevu akanigeuza huku na huku kama alivyokuwa akitufanyia utotoni.

“Una jambo,” akasema.

“Babu, nimekuja kukuuliza. Katika maisha yako yote, unajutia nini?”

Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, “Mjukuu wangu, nilikaa mno kwenye kiti cha mtu. Kinyozi mwenzangu ndiye aliyenifundisha, nikaona haya kumwacha. Nilipofungua changu nguvu zilikuwa zimeshaniishia. Anayetaka kwenda na aende mapema.”

Nililia pale pale. Nilikuwa sijamwambia neno hata moja la chumba! Nikaenda moja kwa moja kazini na ujasiri nisiojua umetoka wapi, nikamwambia dada, “Nahama. Babu amesema niende.”

Dada akasimamisha cherehani na nguo imo ndani. “Babu yupi?”

“Babu yetu. Amesema anajuta kukaa kwenye kiti cha mtu, hakwenda mapema.”

“Ajabu hiyo,” dada akasema. “Mimi aliniambia anajuta kwamba alikwenda. Alimwacha mwenzake, akafungua chake, na mpaka leo hajapata mtu wa kucheka naye kazini kama yule. Akaniambia nimshike ndugu yangu.”

Bibi, mtu mmoja atajutaje kukaa na kuondoka kiti kile kile? Nikajua papo hapo kwamba dada ananidanganya, kisha nikafikiri tena nikaona kuna baya zaidi, kwamba amemfundisha mzee la kusema, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kila wiki kuchukua nguo za babu akazifue, anaweza kumtia maneno taratibu mpaka yakolee. Basi siku yake ya kwenda nikamtangulia, nikajibanza nyuma ya nyumba chini ya dirisha, nikasikia kwa masikio yangu babu akimwambia yale yale ya mwenzake wa kucheka naye, na dada akipenga kamasi. Nikasema, haya, hata kilio amekiandaa. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale mama mdogo akatokea na ndoo.

“We! Unafanya nini kwenye maua yangu?”

“Nimeangusha sindano, mama.”

“Sindano gani nyuma ya nyumba yangu? Ulikuja kushona maua?”

Nikaondoka kwa aibu, lakini sikukoma. Baada ya siku chache nikarudi kwa babu na mtego wangu. Nikakaa penye mwanga, nikatengeneza uso wa mtu aliyetulia, nikamwambia, “Babu, nimefikiri sana, nitabaki na dada yangu.” Akanishika kidevu, akatikisa kichwa, akasema, “Umefikiri vizuri. Mimi ninachojutia ni kwamba sikubaki.” Nikamwambia, “Babu, si ulisema nenda mapema?” Akacheka, hana jino, akasema, “Nilisema hivyo? Basi siku ile ulikuwa na uso wa kwenda.”

Sasa, Bibi, sijui kama mzee amechanganyikiwa, au amefundishwa, au anatucheza shere wote. Mimi na dada hatusemezani, tunapitishiana maneno kwa wateja, “Mwambie fundi wa mlangoni pasi imeshika moto,” “Mwambie wa nyuma asubiri,” na wateja wenyewe wameanza kupungua kwa sababu wanaogopa. Mwisho wa mwezi uko karibu. Niambie juto la kweli la babu ni lipi, nilifuate, nisije nikazeeka nikijilaumu.

Ni mimi, Fundi wa Nyuma.

*

Fundi wa Nyuma, marahaba.

Mkwe wangu ndiye anayenisomea barua, na yako ilimfanya atafute pumzi kama anayepanda ngazi na mtungi kichwani. Mimi mlango wa shule niliupita kwa nje, lakini najua mtu anayesema bila kupumua anaogopa nini. Anaogopa kuingiliwa. Sasa nakuingilia.

Umemshuku dada yako. Umemshuku babu yako. Hata mama mdogo, mwenye maua yake, nahisi hukumwacha salama moyoni. Katika hadithi nzima kuna mtu mmoja tu hukumshuku, naye ndiye aliyechuchumaa chini ya dirisha la watu akidai ameangusha sindano. Huyo ungeanza naye.

Haya, tuanze naye. Ulikwenda kwa babu na swali au na jibu? Usiniambie swali. Ulifunga kazi mapema, ukanunua matunda, ukaenda kwa mzee uliyekuwa hujamwona siku nyingi, eti unataka kujua anajutia nini. Mjukuu asiyejua kama babu yake anakula vizuri, leo kashikwa na hamu ya majuto yake! Ulikwenda kuchukua ruhusa, binti. Ulitaka neno zito la mzee ulibebe, ulitue mbele ya dada yako, wewe ujifiche nyuma yake. Na ulipolipata ulifanya hivyo hivyo: “Nahama, babu amesema.” Babu ndiye anayehama? Babu ndiye aliyepata chumba chenye dirisha kubwa?

Na dada yako asicheke, kwa sababu naye alikwenda kuchukua yake. Nyinyi wawili mmefinyangwa kwa udongo mmoja.

Sasa yule mzee. Unaniuliza amechanganyikiwa? Amekuzidi akili. Amefundishwa? Ndiyo, amefundishwa na kiti chake. Umesema mwenyewe alikuwa kinyozi maisha yake yote, ukalipita neno hilo kana kwamba ni rangi ya shati. Kinyozi hufanyaje kazi? Mtu anaingia, anaketi, anauliza, “Unaonaje nikitoa zote?” Kinyozi mjinga ataangalia kichwa. Kinyozi mjuzi anaangalia uso kwenye kioo. Akiona uso unataka kipara, atasema kipara kitakufaa. Akiona unaogopa, atasema, “Tupunguze pembeni tu.” Anakushika kidevu, anakugeuza kwenye mwanga, anakusoma, anakurudishia lako.

Marehemu mume wangu nywele zake zilikuwa chache, ungeweza kuzipa majina. Kila akitoka kwa kinyozi alikuja na tabasamu, “Fundi kasema zinaota.” Zinaota wapi! Lakini nilimpenda yule kinyozi, alinirudishia mume mwenye furaha. Tofauti yangu na wewe ni kwamba mimi sikumpelekea mambo ya nyumba yangu aniamulie.

Tena babu yako hakukuficha. Alikwambia kwa mdomo wake usio na jino: siku ile ulikuwa na uso wa kwenda. Ukalisikia, ukalibeba mpaka kwangu, na bado unauliza juto la kweli ni lipi. Hebu fikiri. Kama anasoma nyuso, amekwambia nini? Kwako amesoma unataka kwenda. Hilo ni kweli. Kwa dada yako amesoma nini? Kwamba anaogopa kuachwa. Na hilo ni kweli pia! Ulimsikia akipenga kamasi ukasema ni maandalizi. Maandalizi ya nani, na yeye hakujua kama upo? Dada yako alikuwa analia, mwanangu. Analia kwa sababu yako, na wewe umechuchumaa kwenye maua unamtafutia kesi.

Basi mzee amewapa ukweli wawili, wako na wa dada yako. Wake mwenyewe hajautoa, na nyinyi hamkuuomba. Kuna mtu ananyamazisha majuto yake ili apambe ya wengine, na mnaita hiyo hekima ya uzee.

Na hapa niwaonye wote mnaosoma, kwa sababu siku hizi imekuwa mtindo, watu wanawaendea wakongwe kwa makundi wakiuliza mtu afanye nini asije akajuta. Msituamini haraka! Mzee ana majuto ya wageni na majuto ya ndani, kama vile nyumba ilivyo na sahani za wageni. Nina rafiki yangu, ajuza kunizidi mimi, walimjia vijana na simu wakamuuliza, “Bibi, unajutia nini?” Akawaambia kwa sauti ya kutetemeka, “Sikuwapenda watu vya kutosha.” Wakatokwa na machozi. Walipotoka akanigeukia, “Hivi hawa walikuwa hawaondoki mpaka chai yangu imepoa?” Juto lake la siku ile lilikuwa chai. Yale makubwa ya kweli yapo, nayajua mimi, na hawezi kumpa mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti na viatu bado miguuni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Walichosahau kukwambia ni kwamba mjukuu huyo ni wa mwenye kumzaa. Huwezi kuchukua wa babu yako ukamlea badala ya wako. Na usinidanganye kwamba unatafuta njia isiyo na majuto, njia hiyo haipo. Ukihama, iko siku utanyoosha mkono nyuma uombe mkasi, mkono utarudi mtupu, na utaumia. Ukibaki, kila mteja atakayeuliza fundi yuko wapi atakuchoma, mpaka uwe na sumu. Wakongwe walioishi vizuri, na nimewaona wachache, si kwamba hawajuti. Wanajuta bila kumtaja mtu. Ukiwasikiliza hutasikia “fulani aliniambia.” Unasikia, “Nilichagua, iliuma, nikaendelea.” Basi. Hilo ndilo somo lote, na hata hilo nakwambia ulishuku, kwa sababu na mimi ni mzee.

Sasa turudi kwenye kile kipande ulichokishona haraka haraka ukidhani bibi haoni. Dada anageuza nguo yako ndani nje mbele ya mteja, “lakini hilo si muhimu.” Si muhimu! Mwanamke mzima, mama wa watoto, nguo yake inakaguliwa mbele ya watu kama daftari la mtoto, halafu si muhimu. Hicho ndicho kinachokuhamisha. Si dirisha, si meza. Na katika miaka yote hiyo hujawahi kumwambia. Unajua kwa nini naona hivyo? Kwa sababu ungekuwa umemwambia ungeniandikia alichojibu.

Basi sikiliza, na usilete ujanja.

Kesho asubuhi fika kabla ya wateja, kabla cherehani hazijafunuliwa. Mkasi uondoe mezani, siwaamini nyinyi wawili. Kisha mwambie, “Dada, nahama, nimeamua mimi. Nahama kwa sababu ukigeuza kazi yangu mbele ya watu najiona bado yule msichana wa mshono wa kwanza.” Babu asiwemo katika maneno hayo hata kwa bahati mbaya. Atakasirika. Atasema, “Mimi ndiye niliyekufundisha!” Mjibu, “Ndiyo, na ndiyo maana naweza kwenda.” Usiongeze. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuomba mkasi, safari hii usimpe.

Kisha mwambie ulijibanza dirishani ukamsikia akilia. Najua hili utataka kuliruka. Usiliruke. Aibu yako ndiyo itakayomwonyesha kwamba huendi kwa kiburi. Atakucheka, na kucheka huko mnakuhitaji wote wawili. Kama atasema ataacha kugeuza nguo, shukuru, na bado hama. Chumba kichukue, kabla mtu wa vioo hajakitundikia picha. Kubaki kwa ahadi ya asubuhi moja ni kununua kitambaa gizani. Kazi zikimzidia mpokee zake, zikikuzidia mpelekee zako, na akija kwako aikute cherehani yako iko mlangoni.

Mama mdogo mwombe radhi, umemkanyagia maua.

Nimebakiza babu yako, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kweli. Umejiuliza kwa nini mzee yule anampa kila mtu anachokitaka? Unadhani ni mchezo. Mimi nashuku kingine. Kinyozi anajua mteja aliyeondoka na furaha atarudi. Ndiyo hesabu pekee aliyonayo. Amekaa katika chumba cha mbele, mikono haishiki wembe tena, na anaona watu wanakuja wanapokuwa na jambo tu, basi anawatengeneza vizuri, anawapangusa mabega, anawaaga, anangoja warudi. Dereva hakurudi, yuko na mke wake. Mwalimu hakurudi, yuko na mwanawe. Wewe ulirudi na mtego. Dada yako hurudi kila wiki, lakini anakwenda kwa ajili ya nguo chafu, na ndoo ikijaa anaondoka. Kinyozi hajinyoi, wote tunalijua neno hili toka utotoni, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyetazama kichwa chake kimeota nini.

Kwa hiyo utakapokwenda tena, na uende wiki hii, nenda mikono mitupu. Matunda yako ni rushwa, mwachie muuzaji. Nenda mchana, vua viatu, usikae pale penye mwanga, kaa ubavuni kwake ambapo hawezi kukusoma uso. Usimuulize anajutia nini. Akinyoosha mkono atafute kidevu chako, mpe mkono uushike, mwambie, “Babu, leo sina jambo.” Hatakuamini. Atangoja useme, atakohoa, atakupigia hadithi za wateja wa zamani akidhani unachelewa kusema shida yako. Wewe kaa. Mama mdogo akileta chakula, kula naye. Akisinzia, usimwamshe wala usitoroke. Usinyanyuke mpaka akufukuze yeye mwenyewe.